Mrejesho: Likizo ya familia Zanzibar

Ndugu zangu, mwezi Machi niliuliza namna ya kupunguza gharama za hoteli ya Zanzibar inayotoza malazi, chakula na vinywaji kwa pamoja, kwa familia ya watu watano kutoka Dodoma. Nawashukuru sana. Tulikwenda mwanzoni mwa Juni, kabla bei hazijapanda, kwa treni ya SGR hadi Dar es Salaam na kisha boti. Lakini nafuu kubwa ilitokana na kuomba bei ya mkazi kwa kitambulisho cha NIDA. Kilichoshindikana ni umri: binti yetu wa miaka 12 alitozwa kama mtu mzima, hivyo ulizeni mapema. Aidha, pwani ya mashariki maji hupwa mbali mno, na watoto walisubiri hadi alasiri, ndoo mkononi, ndipo wakaogelea.