Naomba ushauri: editari nyepesi ya kuandikia kodi (code, maagizo ya programu za kompyuta), laptopu ramu GB 4 na betri imekufa

kijana_wa_tandika

Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja kwenye mada. Najifunza kutengeneza programu, nilianza na Python sasa hivi niko kwenye PHP na JavaScript kidogo, maana kuna kaka mmoja ana duka la vipuri kaniomba nimtengenezee mfumo wa stoo. Laptopu yangu ni ya mtumba, ramu GB 4, hadi diski ile ya kuzunguka sio SSD, Windows 10, na betri ilishakufa kitambo, yaani inaishi kwenye waya, umeme ukikatika na yenyewe imezima hapo hapo.

Editari ninayotumia ni moja ya hizi kubwa za siku hizi, nikiiwasha huku brauza iko wazi na XAMPP (seva ya kujaribia PHP kwenye mashine yangu) inatembea basi mashine inaganda, nabonyeza herufi inakuja kutokea nimeshasahau nilitaka kuandika nini. Juzi umeme umekata nikapoteza fomu nzima ya kupokea mzigo, niliianza toka saa mbili usiku na sikuwa nimesevu, kwasababu kila nikisevu kuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) inaanza kunipangia kodi na mashine inasimama kwanza, kwahiyo nikawa nakwepa kusevu.

Nataka kitu chepesi ila kisiwe kikavu kama ile Notepad ya Windows, kiwe na rangi, kinimalizie majina, na niweze kuongeza vitu kadri ninavyokua. Hela ya kuongeza ramu kwa sasa sina. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_seva

Notepad++. Ni ya bure, ipo toka 2003, na hiyo mashine yako itaibeba bila shida yoyote.

Chausiku_K

Mdogo wangu pole kwa hiyo fomu, inauma sana kupoteza kazi ya usiku.

Kabla hujahama naomba uelewe uzito unatoka wapi, la sivyo utahama nao. Editari nyingi za siku hizi zimejengwa juu ya Electron, mfumo wa kutengenezea programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti, ambao ulizaliwa pamoja na Atom, editari ya GitHub (Atom yenyewe ilifungwa Desemba 2022). Electron ndani yake imebeba injini nzima ya brauza ya Chromium, kwahiyo ukifungua editari ni kama umewasha brauza ya pili, na wewe tayari unayo moja iko wazi. Hapo ni kabla hujaongeza chochote. Kinachofuata ni seva za lugha, hizo programu za pembeni zinazosoma mradi wako mzima ili zikumalizie majina na kukuonyesha makosa, kila lugha na ya kwake, na zinakaa kwenye ramu muda wote. Ramu ikijaa Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ya kuzunguka haina mbio hizo, ndo hapo unapoona herufi inachelewa.

Sasa ukienda kwenye editari nyepesi halafu siku ya kwanza ukaibandika plagini kumi na tano na seva tatu za lugha, utarudi hapa kulalamika tena. Anza nayo tupu, ukikwama na kitu kile kile mara tatu ndo utafute plagini yake.

baharia_linux

Mimi ningekuwa wewe ningeweka Geany. Ipo Windows na Linux, imeandikwa kwa lugha ya C na GTK (maktaba ya kuchora madirisha na vitufe), haina mambo ya brauza ndani, na ukiwa kwenye Python unabonyeza F5 tu kodi inakimbia. Plagini zake unaziwasha moja moja kwa kuweka tiki.

Ila ukitaka kujifunza kitu cha kukaa nacho miaka, jifunze Vim, editari inayoendeshwa kwa kibodi. Ilitolewa na Bram Moolenaar mwaka 1991, na ukiifungua bila faili utakuta ujumbe wa kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda, maana huyu mzee alijitolea kule Kibaale, kusini mwa Uganda, miaka ya tisini, akaamua programu iwe bure na anayeweza achangie wale watoto. Alifariki Agosti 2023, na mpaka leo nikiiwasha ule mstari nausoma.

Na kwa shida yako ya umeme Vim ina faili la swap, kila ukifikisha herufi 200 au ukitulia sekunde 4 inaandika pembeni ulichofanya, umeme ukirudi unafungua kwa `vim -r` na jina la faili, unakuta karibu kila kitu.

Chausiku_K

@baharia_linux nakubaliana na wewe kuhusu Vim, ila huyu ana mteja anasubiri. Wiki ya kwanza ya Vim mtu anahangaika namna ya kutoka tu. Amalize kwanza stoo ya watu, afu jioni apige `vimtutor` (somo linalokuja na Vim yenyewe) nusu saa nusu saa.

kijana_wa_tandika

Asanteni sana. Vipi Sublime Text? Kuna mtu kaniambia ndo nyepesi kuliko zote.

mzee_wa_seva

Ni nyepesi kweli na ni nzuri mno, ila ni ya kulipia, leseni dola 99. Kuijaribu wanakuruhusu bila kikomo cha siku, lakini ukiendelea kuitumia unatakiwa kununua leseni. Ukishaanza kulipwa utaamua.

Kwa leo weka Notepad++, afu nenda Plugins Admin uchukue NppExec (plagini ya kuendesha amri) peke yake. Fungua faili lako la PHP, bonyeza F6, andika hivi:

`C:\xampp\php\php.exe -l "$(FULL_CURRENT_PATH)"`

Itakwambia kosa la sintaksi (kanuni za kuandika lugha) liko mstari wa ngapi bila kuwa na seva ya lugha imelala kwenye ramu, inafanya kazi hiyo sekunde moja na inaondoka. Majina ya kumalizia yapo humo humo kwenye mipangilio ya Auto-Completion, na folda ya mradi unaiona pembeni kwa Folder as Workspace.

Kuhusu umeme: kila sekunde 7 Notepad++ inatunza nakala ya ambacho hujasevu. Usiitegemee kwa kila kitu lakini, maana umeme ukikata wakati data haijafika kwenye diski faili linaweza kurudi limejaa NUL nyeusi tupu (herufi zisizo na kitu, kazi yako haipo). Sevu kila ukimaliza kipande, na weka Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi), kila fomu ikikubali unafanya commit, yaani unahifadhi hatua uliyofikia.

kijana_wa_tandika

Mrejesho wakuu. Nimeweka Notepad++ toka juzi, brauza iko wazi na XAMPP inatembea na herufi inatokea pale pale nikibonyeza. Ile amri ya F6 imenionyesha nimesahau nukta mkato mstari wa 41, jana ningehangaika nayo nusu saa nzima. Jana usiku umeme umekata tena saa nne kasoro, nilivyowasha nimekuta kurasa zangu zote tatu, mpaka ile sijaipa jina. Fomu ya kupokea mzigo nimeiandika upya na safari hii imekuwa fupi kuliko ya kwanza.

Swali moja @mzee_wa_seva, hiyo commit naifanyia kwenye folda ya htdocs (ile XAMPP inakoweka miradi) yote au ya mradi peke yake?

mzee_wa_seva

Ya mradi peke yake. Na faili lenye nywila ya databesi liweke kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git isiyatunze) kabla ya commit ya kwanza.