Wenye Coaster na Fuso mnaopita Uyole: kama dawa ni "jaza upepo tu", njooni mjaze wenyewe

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyetaka apite tu, nyuzi za siasa na mpira zipo nyingi.

Mimi ni fundi matairi hapa Uyole, Mbeya. Waliopita wanaijua njia panda hii: ukitokea Dar, kushoto unakwenda Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Malawi, mbele unaingia mjini, kisha Mbalizi na Tunduma. Kwa hiyo napata kila aina ya gari. Scania za mizigo ya Zambia na Kongo, Fuso za viazi na ndizi, Coaster, Hiace, Noah zilizojaza watu mpaka kwenye buti. Na karibu wote wakishuka neno lao ni moja: "Fundi, jaza upepo tu."

Wiki hii imekuja Coaster inatoka Kyela. Nyuma kushoto, tairi la ndani limelala kabisa. Konda anataka upepo, abiria wanapiga kelele dirishani wanachelewa. Nikauliza limelala kuanzia wapi, akasema "lilianza kupungua pale Kiwira". Kiwira hadi Uyole mnajua ule mlima, na gari imesimamisha watu. Nikamwambia silijazi, nalifungua kwanza niangalie ndani. Dereva, mzee mmoja mtaratibu, akakubali. Akampigia tajiri, yaani mwenye gari, akaweka simu sauti ya nje. Tajiri anasema, na abiria wanasikia: "Huyo fundi ana njaa, anatafuta hela. Jazeni muondoke, tutalitazama Jumapili."

Basi wakavuka barabara, kijana mwenye kompresa akawajazia kwa buku mbili. Halikufika hata Sae, hapo mbele kuelekea mjini. Limepasuka, mpira umechana bati la sakafu juu ya gurudumu, na mama aliyekuwa amekaa siti ile kaponea chupuchupu kwa sababu miguu alikuwa ameiweka juu ya gunia lake. Jioni tajiri kanipigia mimi! Eti nililegeza nati makusudi ili gari irudi kwangu. Nati zipi, bosi, wakati spana yangu haikugusa gari yako? Na anatangaza stendi nzima kwamba fundi wa Uyole ni mchawi wa matairi.

Sasa nieleze kwa nini nilikataa, maana wengi mnadhani fundi akisema "nifungue" anatafuta bili.

Tairi la waya likitembea bila upepo wa kutosha, ubavu unakunjika na kukunjuka kila mzunguko. Zile waya za chuma ndani ya mpira zinachoka, zinaanza kukatika moja moja. Kwa nje huoni kitu, tairi linang'aa kabisa. Ukirudisha upepo, waya zilizobaki zinabeba mzigo wa zilizokatika, na ubavu unafumuka kwa mstari mrefu kuzunguka tairi. Lori linajazwa PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 110 mpaka 120. Likifumuka hapo wakati fundi amechuchumaa mbele yake, hakuna hospitali tena, mnakwenda kuchukua mwili. Wenzetu Marekani wana kanuni kabisa: tairi lililotembea likiwa na asilimia 80 ya upepo wake au pungufu linahesabiwa limetembea bila upepo, lazima livuliwe, likaguliwe ndani na nje, halafu lijazwe ndani ya kizimba cha chuma huku fundi amesimama mbali na mpira mrefu wa upepo. Hapa kwetu kizimba nani anacho? Mimi nalaza tairi, nafunga mnyororo, nasimama pembeni, nategesha sikio. Ukisikia ta-ta-ta ubavuni wakati upepo unaingia, hizo ni waya zinakatika. Unafunga upepo na unaondoka mbio. Na zile Fuso za zamani zenye rimu ya pete ya chuma ndiyo usiseme, pete ikiruka inakata mti.

Kwa hiyo ukiniambia "jaza upepo tu" kwenye tairi lililolala unaniambia nikae mbele ya bomu kwa buku mbili. Kisha unasema nina njaa.

Halafu hili la tairi za ndani. Yaani sijui niliseme kwa lugha gani. Nyuma kuna pea, la nje na la ndani. La nje linaonekana, basi ndilo linawekwa zuri. La ndani linawekwa kipara, lililobanduka, lenye waya nje, kwa sababu trafiki hainami na abiria haoni. Mnadhani la ndani halibebi? Tufanye hesabu ya lori. Ekseli moja yenye tairi nne inaruhusiwa tani 10 kwenye mizani za Afrika Mashariki. Kila tairi linabeba tani 2 na nusu. Chukua tairi la 315/80R22.5 lililoandikwa 156/150 ubavuni: hizo namba maana yake likifungwa peke yake linaweza kilo 4,000, likifungwa kwa pea linaweza kilo 3,350. Lipo vizuri, lina nafasi. Sasa la ndani likose upepo. Mwenzake wa nje anabeba tani 5 peke yake, wakati hata likiwa jipya toka dukani mwisho wake ni tani 4. Linachemka, linapasuka, na kila mtu anashangaa "mbona lilikuwa jipya!" Wanakwenda kumtukana muuza duka. Lililoua lile jipya ni lile bovu la ndani.

Na dawa yenu ya kupiga tairi kwa nondo asubuhi, "du, du, liko poa". Nondo itakuambia tairi limelala au halijalala, basi. Kati ya PSI 110 na 80 sikio la binadamu halitofautishi, hata langu. Geji ya upepo haizidi bei ya kreti la bia, lakini kwenye gari la mamilioni haipo. Na upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi. Hili hasa nyie wa njia ya Kyela. Uyole mwezi wa saba asubuhi vidole havishiki spana, unashuka mpaka ziwani, karibu mita 475 tu toka usawa wa bahari, joto la kutoa jasho umekaa. Upepo ndani lazima upande, na ndivyo ulivyopangwa upande. Sasa dereva anafika Kyela, anapima, anaona umezidi, anautoa. Anarudi juu usiku, baridi, tairi limepungukiwa na gari lina magunia ya mchele juu. Kesho yupo kwangu, "fundi, jaza upepo tu".

Kuna wanaoniambia humu jukwaani "ukaguzi upo, gari zina stika". Ndugu zangu. Wiki ya ukaguzi ikikaribia mimi ndiyo napata kazi nyingi kuliko mwaka mzima, na nyingi si za kununua tairi. Ni za kuazima. Tajiri ana gari nne na seti moja ya tairi nzuri. Seti inafungwa gari ya kwanza, inakwenda, inakaguliwa, inapata stika, inarudi, tunafungua, tunafunga gari ya pili. Mwisho gari zote nne zina stika na seti inarudi stoo, vipara vinarudi barabarani. Wapo hata wanaokodisha seti kwa wenzao. Mimi nimeshaacha kuifanya hiyo kazi na wateja nimepoteza, lakini mafundi wa kuifanya hawakosekani. Kwa hiyo abiria ukipanda ukaona stika mpya kiooni, jua tairi lililopata stika hiyo yawezekana leo lipo chini ya gari nyingine, Makambako huko.

Na mizani! Lori linapimwa mpaka kilo, ukizidi unalipa au unashusha. Sawa, barabara ilindwe. Lakini gari imesimama, imenyooka, kuna taa na kuna watu wanalipwa kuitazama. Kwa nini hakuna hata mmoja anayeinama na tochi kuangalia linalobeba hizo tani? Tunalinda lami kuliko watu wanaopita juu yake. Pengine nakosea wapi pa kulalamikia, lakini swali langu linabaki.

Kashata nazo, yale meno ya uso wa tairi. Mtu ananiambia "bado lina kashata" na mimi naona vile vituta vidogo ndani ya mifereji vimeshalingana na uso wa tairi. Vituta vile vimewekwa kiwandani makusudi, vikilingana tairi limeisha, hakuna mjadala. Marekani huko magari ya biashara tairi za mbele zinatakiwa zibaki na kina cha 4/32 ya inchi, yaani kama milimita 3.2, nyingine nusu ya hapo. Na basi haliruhusiwi kufungwa mbele tairi lililochongwa wala lililobandikwa mpira mpya. Mbele ndiko usukani uliko! Nyuma likipasuka unaweza kuhangaika ukasimama. Mbele likipasuka unashuka Mlima Nyoka, hapo dereva hana usukani tena, ana sala. Hapa kwetu nimeona tairi limechongwa kwa kisu cha moto kurudishia mifereji, limefungwa mbele, kulia. Yapo matairi ya lori yaliyotengenezwa na mpira wa ziada kwa ajili ya kuchongwa, na yameandikwa hivyo ubavuni. Haya mnayochonga nyie hayajaandikwa kitu, kisu kinafika kwenye waya, maji ya mvua za Rungwe yanaingia, waya inaota kutu, mpira unabanduka. Mvua za Rungwe mnazijua hazina likizo.

Nisisahau umri. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Ukikuta 1417 maana yake wiki ya 14 mwaka 2017. Watengenezaji wengi wenyewe wanasema miaka 10 ikifika tairi litolewe hata kama kashata zimejaa. Tairi za mtumba mnazonunua "kama mpya" zikuneni vumbi msome. Ukikuta pale pamekwanguliwa, muuzaji anajua alichokuwa anaficha.

Madereva nao nisiwaache. Najua mnabanwa na hesabu, najua ukigoma kuondoka kesho gari lina suka mwingine. Lakini tairi likila upande mmoja linakuambia alaimenti (unyoofu wa magurudumu) imekufa, likila mabega yote mawili linakuambia upepo mdogo, likila katikati upepo umezidi, likiwa na mashimo mashimo angalia shokapu. Hayo yote unayaona ukizunguka gari dakika tano kabla abiria hawajapanda, na ukichomoa jiwe lililokwama katikati ya pea umeshaokoa tairi mbili. Na mkishuka Kitonga shukeni na gia. Breki ikishikwa mlima mzima ngoma ya breki inachemka, joto linahamia kwenye rimu, linakwenda kupika ukingo wa tairi. Mnafika Ruaha Mbuyuni mnamwagia maji ya baridi, mnasema mmepoza. Mmepasua ngoma.

Kuanzia sasa kwangu ni hivi: tairi lililolala likiwa linatembea halipati upepo bila kufunguliwa. Asiyetaka avuke barabara, na wala sitamfuata. Tairi bovu la ndani nikiliona nitalipiga picha na namba ya gari, nitamwonyesha dereva na abiria walio ndani. Tajiri akinipigia simu aweke sauti ya nje kama alivyozoea.

Na yule aliyeniita mchawi, gharama ya bati la sakafu siyo yangu. Tairi lako lipo kwangu, nimeliokota mwenyewe barabarani. Waya zimekatika ubavu mzima na kwa ndani lina unga mweusi wa mpira uliosagika. Njoo na mtu yeyote unayemwamini aliangalie.

NYONGEZA: Nimeona mnaouliza abiria afanye nini. Kabla ya kupanda inama uangalie pea ya nyuma kwa simu yenye tochi, hasa la ndani. Ukiona waya, au tairi mbili zimegusana kwa chini, shusha mzigo wako, panda gari nyingine. Konda atakutukana, mwache atukane.

NYONGEZA 2: Mnaonitumia ujumbe mnitajie jina la kampuni, sitaji, mods watafuta uzi. Ila madereva wa Kyela na wa Makambako mnaojua mchezo wa kuazima seti, andikeni hapa chini mlivyouona. Msiniachie peke yangu niitwe mchawi.