Tupeane uzoefu: siku Calipari alipoondoka Kentucky, wewe ulikuwa wapi?

Mdau wa Rupp
Wakuu, habari zenu. Jana napita sebuleni, vijana wangu wamewasha mechi ya kikapu ya chuo cha Arkansas, namkuta John Calipari, aliyekuwa kocha wetu pale chuo cha Kentucky, pembeni mwa uwanja na vazi jekundu, anafoka vilevile kama zamani. Nikabaki nimesimama na sahani mkononi. Miaka 15 nimemzoea kwa buluu, macho yamegoma kabisa.

Ikanirudia ile wiki ya Aprili 2024. Jumapili tarehe 7 usiku tetesi zinalipuka kwamba anahamia Arkansas. Jumatatu jua likapatwa mchana kweupe. Jumanne akatoa video ya kuaga, eti timu inahitaji kusikia sauti nyingine. Ijumaa tukaambiwa kocha ni Mark Pope, watu wakatukana mpaka basi. Jumapili tarehe 14 watu walewale waliotukana wakaijaza Rupp Arena, uwanja wetu wa nyumbani, pomoni kumlaki. Wiki moja tu!

Tulioko Lexington, Louisville na nyie wa mbali mnaokesha na mechi zetu, tupeane uzoefu. Ulikuwa wapi, uliumia ama ulishusha pumzi?

Kuli wa Usiku
Mimi nilifurahi. Nipigeni mawe.

Mama Mapacha
Kuli umesema la wengi. Mimi nilifurahi kimyakimya maana nyumbani kwangu kulikuwa na mtu analia.

Zamu ya Tatu
Kwangu mimi Cal hakuondoka Aprili. Aliondoka tarehe 21 Machi, Pittsburgh, kwenye mashindano makubwa ya vyuo vya taifa, mbele ya Oakland. Video ya kuaga ilikuwa kukamilisha karatasi tu.

Usiku ule nilikuwa kazini, ghala la kupakia maboksi. Simu nimeiegemeza kwenye gurudumu la gundi ya karatasi, sauti nimezima, natupia jicho kila boksi likipita. Kwa ubora sisi tumepangwa namba 3, wao namba 14. Nikajisemea hii ni ya kupasha misuli. Kisha akaingia jamaa mmoja kutoka benchi, Jack Gohlke. Huyu bwana hakujua kitu kingine duniani zaidi ya kurusha za pointi tatu. Alirusha mara 20, zote za tatu, zikaingia 10. Pointi 32! Na kila akirusha, mtu wetu yuko hatua mbili nyuma yake, mikono imeshuka. Ndani ya timu yetu yumo Reed Sheppard, yumo Rob Dillingham, watoto ambao miezi mitatu baadaye walichaguliwa wa 3 na wa 8 kwenda NBA. Tukafungwa 80 kwa 76 na chuo ambacho nusu yetu tulidhani kiko California.

Sasa kilichoniua siyo matokeo. Msimamizi wetu ni shabiki wa chuo cha Louisville, mahasimu wetu. Timu yake msimu ule ilishinda mechi 8 kati ya 32, kocha wao ameshafukuzwa wiki moja kabla, hana hata kocha mpya! Na bado alitoka kule ofisini kwake, akatembea ghala zima, akaja kunisimamia, akasema "pole sana." Kwa Kiswahili. Tulimfundisha wenyewe hilo neno.

Kuli wa Usiku
😂😂 Adui akishajua kukupa pole kwa lugha yako, hama mji.

Mkeka Umechanika
Zamu ya Tatu usinikumbushe. Kamari ya michezo ilikuwa imehalalishwa Kentucky tangu Septemba, tuko bado wageni wa mambo. Mkeka wangu ulikuwa na mechi sita, Kentucky niliiweka ya kwanza kwa sababu ndiyo "ya uhakika". Ikachana kabla ya zingine kuanza kuhesabika.

Ushauri: usiweke hela kwenye timu unayoipenda.

Jirani wa Goma
Kinyume chake, weka hela kwa mpinzani. Timu ikishinda unafurahi, ikifungwa unakula.

Mkeka Umechanika
Huo ni usaliti, kaka.

Jirani wa Goma
Usaliti unalipa kodi ya nyumba.

Mwana wa Lubumbashi
Nyinyi mnalia Oakland. Siye batu ya Lubumbashi kilio chetu ni cha 2022, Saint Peter's. Oscar Tshiebwe ni mtoto wetu, amezaliwa kwetu kule, anasema Kiswahili chetu. Mwaka ule alikuwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima. Ribaundi 15 kila mechi! Na Western Kentucky alichukua 28 peke yake, rekodi ya Rupp.

Mama yangu hajui kikapu hata kidogo, lakini Oscar akicheza anavaa kitenge cha buluu na anakaa mbele ya televisheni. Basi siku ile, Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, wamepangwa namba 15. Oscar anapiga pointi 30, ribaundi 16, anafanya yote. Wengine wanatazamana. Mpaka dakika za nyongeza, 85 kwa 79, kwisha. Mama akaniuliza: "Huyu mtoto anabeba wote hawa peke yake, hana wakubwa wa kumwambia pumzika?" Nikakosa jibu. Wakubwa walikuwa pale pembeni.

Tangu siku ile mama hakumsalimia tena Cal kwenye televisheni. Zamani alikuwa anamsalimia.

Dada Tingatinga
Hongera kwa mama, ana akili kuliko wachambuzi wote wa redio.

Buda wa Nairobi
Manze mnamwonea mzee. 2012 mlibeba kombe na Anthony Davis, mkapiga Kansas 67 kwa 59. 2014 fainali. 2015 mlishinda 38 mfululizo kabla Wisconsin wawakate nusu fainali. Mara nne kuingia nne bora, yaani nusu fainali, ndani ya miaka mitano. Mtu wa hivyo mnamzomea aje?

Kuli wa Usiku
Na baada ya 2015? Taja nne bora moja. Tunakusubiri.

Buda wa Nairobi
...

Kuli wa Usiku
Bado tunasubiri. Na usisahau 2021, kushinda 9 kufungwa 16.

Mama Mapacha
Hiyo ilikuwa corona, tuwe wa haki.

Kuli wa Usiku
Corona iliingia Kentucky peke yake?

Mzee wa 98
Wanangu, mnabishania Cal kana kwamba kabla yake hapakuwa na mtu. Mimi nimefika mji huu kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Anayestahili kuliliwa ni Tubby Smith. Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu Kentucky. Mwaka wake wa kwanza tu, 1998, kombe. 2003 hakufungwa hata mechi moja ya ligi ya SEC, 16 kwa 16, akatolewa na Marquette kwa sababu nyota wao Dwyane Wade aliamka vizuri. Shukrani yake? Wakambatiza jina la kumhesabia vipigo kumi kila msimu. 2007 akaamua mwenyewe kwenda Minnesota, na barua za kumtukana nilizokuwa nazisikia zikisomwa redioni sitaki kuzirudia hapa.

Mkapewa Billy Gillispie. Mkafungwa na Gardner-Webb nyumbani. Mkafungwa na VMI nyumbani. 2009 mkakosa hata kuingia mashindano makubwa. Miaka miwili hakutia saini mkataba kamili, alikaa na karatasi ya makubaliano. Hapo ndipo mlipojua thamani ya Tubby.

Buda wa Nairobi
Mzee heshima, lakini Tubby alishinda na wachezaji wa Pitino, kocha aliyemtangulia.

Mzee wa 98
Na Pitino alipokwenda Louisville 2001 alishinda na wachezaji wa nani? Kijana, huo wimbo niliusikia na Kiingereza, usiniletee tafsiri.

Dada Tingatinga
Buda leo umetoka na vidonda viwili kwenye uzi mmoja. Kanywe maji.

Mposaji
Mimi nina ya kwangu, lakini ni ndefu.

Jumapili ileile tarehe 7 ndiyo siku wazee wangu walikwenda kuniposea. Msemaji wa upande wa binti ni mjomba wake, mzee wa shamba la farasi, ana kofia ya buluu ambayo kanisani anaivua anaishika mkononi. Siku hiyo aliivua kwa heshima yetu akaiweka mezani karibu na sinia la sambusa. Mshenga wetu, Mrundi mmoja mwenye maneno matamu, ameshatoa salamu, bahasha ya kufungua mlango imepokelewa, tuko kwenye ng'ombe. Kwao ng'ombe wanatajwa, kisha wanageuzwa dola. Tulianzia 12, kwa jasho la mshenga tumeshuka hadi 9, na nilikuwa naona kabisa 8 inakuja.

Simu ya mjomba ikalia, hakupokea. Ikalia tena. Ya tatu akapokea, akasikiliza muda mrefu, kisha akauliza neno moja tu: "Arkansas?" Akakata. Akachukua kofia yake pale mezani, akaivaa, akasimama. "Wakwe zangu, tuishie hapa. Msibani hapajadiliwi mahari."

Mshenga wetu hajui kikapu wala wavu. Akasimama naye, mikono mbele, sauti ya chini: "Poleni sana. Marehemu ni nani?"

"Kocha."

"Mungu amlaze mahali pema."

Shangazi wawili wakatoka mbio kwenda jikoni, tukasikia sufuria linaanguka. Tukafungashiwa sambusa zetu, tukaondoka.

Mama Mapacha
Jamani!! 😂😂😂 Kwa hiyo ulioa?

Mkeka Umechanika
MUNGU AMLAZE MAHALI PEMA. Nimecheka mpaka mwenye nyumba kagonga ukuta.

Buda wa Nairobi
Chai hiyo. Chai ya tangawizi kabisa. Hakuna mzee anavunja posa juu ya kocha.

Zamu ya Tatu
Buda wewe uko Nairobi. Hapa watu walikaa usiku kufuatilia ndege binafsi kwenye mtandao, inaruka wapi inatua wapi, wakidhani imembeba kocha mpya. Posa kuvunjika ni jambo dogo.

Dada Tingatinga
Mposaji, maliza hadithi kabla sijaja huko.

Mdau wa Rupp
Akimalizia turudi kwenye mada wakuu. Hakuna aliyegusia ile siku Pope alipotangazwa.

Jirani wa Goma
Nagusia mimi. Tulimtaka Scott Drew wa Baylor, akakataa. Tukamtaka Dan Hurley ambaye ametoka kubeba kombe la pili mfululizo na UConn, akabaki kwao. Kisha tunaletewa kocha wa chuo cha BYU ambaye hajawahi kushinda hata mechi moja ya mashindano makubwa akiwa kocha. Na siku ileile ya Oakland, yeye naye kafungwa na Duquesne! Nilizima simu nikalala na nguo za kazi.

Mama Mapacha
Mimi nilikuwepo Rupp tarehe 14. Nilikwenda kwa shingo upande, mume wangu ndiye aliyenivuta. Basi likaingia mpaka ndani ya uwanja, wakaanza kushuka wachezaji wa zamani, mmoja mmoja, wengine mvi tupu. Mwisho akashuka Pope amelibeba kombe la 1996, alilolichukua akiwa nahodha hapahapa. Yule mwanamume niliyekuja naye, aliyekuwa amemwita Pope "mwalimu wa mazoezi ya viungo" tangu Ijumaa, alikuwa amepanda juu ya kiti. Nilimshika mkanda asianguke.

Kuli wa Usiku
Nyie kweli hamna msimamo.

Mume wa Mama Mapacha
Nathibitisha kila kitu isipokuwa kiti.

Mwana wa Lubumbashi
Ushauri wangu kwa vijana: musinunue jezi ya kocha, musinunue jezi ya mchezaji. Nunua iliyoandikwa Kentucky tu.

Mkeka Umechanika
Mimi nasema nunua ya kila mtu. Ikipita miaka 20 unaiuza ghali.

Mzee wa 98
Jezi ya Tubby waliitundika juu ya Rupp Desemba 2021, siku alipokuja na timu yake ya High Point. Waliompigia makofi nilikuwa nawatazama nyuso, mmojammoja.

Mposaji
Samahani, nilikuwa kazini. Namalizia.

Tukapanga kurudi Jumapili inayofuata. Tukafika, mlango anafungua shangazi: mjomba yuko Rupp tangu asubuhi, amekwenda kupanga foleni. Mshenga akaninong'oneza, "Ndiyo mazishi?" Nikamwambia ndiyo, maana kueleza ningeanzia wapi. Tukakaa. Chai, chai tena, saa zikaenda. Mjomba akaingia giza limeshatanda, jasho mpaka kwenye kofia, sauti imekauka haitoki kabisa. Akatuangalia sote, akacheka, akanyanyua vidole: saba. Hakuna aliyeomba punguzo! Mshenga akafumba macho akashukuru, kisha akauliza kama marehemu amehifadhiwa salama. Mjomba akaitikia kwa kichwa kwa nguvu: salama kabisa.

Buda wa Nairobi
Chai. Narudia, chai. Lakini naomba sukari.

Zamu ya Tatu
Kwa hiyo Pope amekuokolea ng'ombe wawili. Unapaswa kumpelekea kadi kila Krismasi.

Mdau wa Rupp
Nilifungua uzi wa kocha, umekuwa uzi wa mahari. Haya, aliyekuwepo tarehe 1 Februari 2025, Cal aliporudi Rupp na Arkansas tukamzomea kisha akatufunga 89 kwa 79, aje aseme.

Mama Mapacha
Nilizomea. Sijutii. Ila alipogeuka kuangalia juu nikasita kidogo.

Kuli wa Usiku
Mimi sikuzomea. Nilishamalizana naye 2022.

Dada Tingatinga
Mposaji, swali moja tu. Usiku ule wa 89 kwa 79, mjomba hakudai wale ng'ombe wawili?

Mposaji
Tulikuwa tumeshafunga ndoa. Lakini simu ilipigwa.