Waandaaji wa misafara ya baiskeli mjini, acheni kufungua barabara watu wakiwa bado njiani!

Wakuu, salaam.

Nimekaa na hasira hii tangu Jumapili na nimeona niitoe ikiwa bado ya moto. Nazungumzia haya matukio makubwa ya baiskeli mjini, yale ya kufunga barabara asubuhi, maelfu ya watu wanajiandikisha, wanabandika namba na kuuzunguka mji pamoja. Nayapenda sana, na ndiyo maana yamenikera kiasi hiki.

Tangazo lilisema watu wote, rika zote, baiskeli yoyote, tena lilisisitiza kwamba si mashindano. Watu wakaitikia. Pale pa kuanzia kulikuwa na wazee wenye baiskeli za kikapu, watoto wa shule na baba zao, kina mama waliofunga viti vya watoto nyuma, na vijana wa baiskeli za mbio ambao walishajaa mbele kabisa. Wote tumesongamana kwenye barabara moja, usukani kwa usukani, hakuna aliyepangwa kulingana na mwendo wake. Honi ikalia saa 1 kamili asubuhi. Wa mbele wakachomoka. Sisi wa nyuma mguu mmoja chini, tunasogea hatua mbili, tunasimama tena. Nimekuja kuuvuka mstari wa kuanzia saa 1 na dakika 50.

Twende kwenye hesabu, maana uonevu wenyewe umo humo. Njia ilikuwa kilomita 30 na barabara zilifungwa kwa saa tatu, mpaka saa 4. Kijana wa mbele anayekwenda kilomita 25 kwa saa anamaliza kwa saa moja na dakika 12, anapiga picha, anakunywa maji, anaondoka. Mtu wa kawaida mwenye mtoto nyuma anakwenda kilomita 12 kwa saa, na huo ni mwendo mzuri tu wa mjini. Anahitaji saa mbili na nusu. Ukimtoa saa 1 na dakika 50, anafika saa 4 na dakika 20, hapo hajapata pancha, hajasimama kunywa maji, mtoto hajaomba kwenda chooni. Yaani kabla hajakanyaga pedali, ratiba ilishamtupa nje. Dakika 50 alizosimamishwa na waandaaji amekatwa yeye!

Tulipofika kilomita ya 22 likatokea lori la kukusanya koni. Vijana wawili wananing'inia nyuma, wanaruka, wanaokota koni, wanarusha ndani, wanaruka tena. Walikuwa wanaokota koni zilizokuwa pembeni yetu, sisi tukiwa tunaendesha! Makutano yaliyofuata uzio ulishaondolewa na magari yakamwagika kutoka barabara ya upande. Mbele yangu alikuwepo mama na mtoto wake kwenye kiti cha nyuma. Basi likampita karibu mno hadi baiskeli ikayumba, akakanyaga chini kwa miguu yote miwili, mtoto akaangua kilio. Msimamizi wa njia alikuwa amesimama palepale, fulana yake ya kung'aa ameshaivua na kuikunja mkononi. Nikamuuliza vipi. Akajibu, "Muda umeisha, pandeni juu kwa waenda kwa miguu." Mamia ya baiskeli zipande njia ya waenda kwa miguu!

Na gari la kufunga msafara? Wasioyajua haya mambo waelewe, gari hilo kazi yake ni kukaa nyuma ya mwendeshaji wa mwisho kabisa. Likikupita, maana yake nyuma yako hakuna tena ulinzi. Sisi lilitupita mapema sana, limewasha taa zake, na nyuma yetu watu bado walikuwa wengi. Aliyeliruhusu litupite atueleze alikuwa anamlinda nani.

Kuna jingine dogo lakini liliniuma. Mzee mmoja alipata pancha karibu na kituo cha mafundi. Mafundi wako pale, wana zana nzuri, lakini pampu zao zote zilikuwa na kichwa cha valvu nyembamba ya baiskeli za mbio. Baiskeli ya mzee, kama zilivyo za wengi wetu, ina valvu nene inayofanana na ya gari. Tairi likazibwa vizuri, upepo ukakosekana. Alimalizia safari anaikokota. Hapo ndipo unaona matayarisho yalifanywa kwa kumfikiria nani.

Habari ya vijana kupita upande wowote wanaotaka huku wakipiga kelele "Kulia! Kushoto!" kwa watoto wasiojua waende wapi, nayo naiachia wengine waisemee.

Nikiwaandikia waandaaji, jibu lilikuwa sentensi moja: muda wa kufungua barabara ulitangazwa. Ndiyo, ulitangazwa. Kilichofichwa ni kwamba saa inaanza kuhesabiwa wa kwanza akitoka, wala si wewe ukitoka. Wengine wananiambia eti polisi ndio wanaotoa muda. Sawa. Basi fupisha njia! Kama umepewa saa tatu, chora njia ya kilomita 18 ambayo mtoto na mzee wataimaliza. Nani alikulazimisha kilomita 30?

Msiniambie kwamba haiwezekani. Bogotá wanafunga barabara kwa ajili ya watu tangu 1974, kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 100 za barabara. Hakuna mstari wa kuanzia wala wa kumalizia, unaingia unapotaka na kutoka unapotaka, na hakuna anayeachwa nyuma kwa sababu hakuna nyuma. New York wana msafara wao tangu 1977, kilomita 64, watu kiasi cha 30,000, na wanawatoa kwa mikupuo, kila mkupuo na saa yake. Cape Town nako wanatoka kwa makundi, kundi baada ya kundi. Na ile ya Cape Town, wakuu, ilianza 1978, na chimbuko lake ni madai: kabla yake watu walitoka na baiskeli zao kutaka njia za baiskeli zijengwe. Walitaka mtu wa kawaida aweze kuendesha kila siku bila hofu.

Lakini mfano unaonisumbua zaidi ni San Francisco. Mwezi Septemba 1992 watu walianza kukutana jioni ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wakaendesha pamoja. Hawana kibali, hawana ada, hawana ofisi, na desturi hiyo ikasambaa miji mingi duniani. Wakifika kwenye makutano, baadhi yao wanasimama mbele ya magari na baiskeli zao, wanayazuia mpaka msafara wote upite, ndipo wanaungana nao. Unaweza kuwalaumu kwa kuvunja sheria, na wapo wanaowalaumu sana. Ila kanuni yao ni kwamba msafara haukatwi katikati. Watu wasio na mwandaaji wanalinda mkia wao, halafu ninyi wenye kibali, polisi, koni na ada zetu mnaukata!

Ninachodai hakihitaji fedha nyingi. Watu wajipange kwa mwendo, na watoto na wazee watoke kwanza au wapewe mkupuo wao. Saa ya kufungua barabara ihesabiwe mkupuo wa mwisho ukitoka. Gari la mwisho likae mwisho, na koni isiokotwe kabla gari hilo halijapita. Pampu ziwe na vichwa vyote viwili. Na kama kuna mwendo wa chini unaotakiwa, uandikwe kwenye fomu kwa herufi kubwa, ili yule mama ajue kabla ya kulipa kwamba "wote" ya kwenye tangazo haimhusu.

Yule mama nilimsindikiza hadi akapata kona ya kuingilia mtaani. Aliniambia hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuendesha katikati ya mji, alikuja kwa sababu aliambiwa magari hayatakuwepo. Mtu wa namna hiyo ndiye matukio haya yanasema yanamtafuta. Akiamua kuiuza baiskeli yake leo, mimi sina la kumwambia.

Wadau mliokuwa nyuma Jumapili, au mliowahi kuachwa hivi popote pale, wekeni hapa: mlivuka mstari saa ngapi, na barabara ilifunguliwa mkiwa kilomita ya ngapi. Nakusanya yote na nitayapeleka kwa waandaaji mwenyewe, kabla hawajafungua usajili wa mwakani.