Mtoto hasomi: kitengo, Ingilishi midiamu au twisheni?

Mama J, Nkuhungu: Wakuu, habari za likizo. Mwanangu wa kiume kamaliza darasa la pili, kusoma bado kabisa. Shule zinafunguliwa Januari na nimekwama: nimhamishie shule yenye kitengo cha elimu maalumu, nimpeleke Ingilishi midiamu yenye darasa dogo, au abaki alipo niongeze twisheni? Baba yake anataka Ingilishi midiamu. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Mchuuzi wa Zabibu: Ingilishi midiamu, funga mjadala. Watoto 25 si sawa na 120. Wangu yuko huko, siku hizi bibi yake wa Kongwa anahitaji mkalimani.

Mwalimu Mstaafu: Mama J, mbona hujatuambia kitu? Ana miaka mingapi? Kapimwa macho na masikio? Hasomi kivipi: herufi hazijui, au anazijua ila kuziunganisha ndiyo kazi? Na hesabu je?

Mama J, Nkuhungu: Shikamoo mwalimu, samahani. Ana miaka 8. Hesabu za kichwani anatuzidi, nikimtuma dukani hapunjwi chenji. Herufi moja moja anazitaja. Kwenye upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kusoma kulimtoa jasho. Akiandika "dada" inatoka "baba". Macho tulipima, mazima. Masikio bado.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Masikio kwanza. Sikio linalotoa usaha kila mara humchanganyia mtoto sauti, halafu sisi tunamwita mzito. Likiwa zima, basi hiyo b na d kwa mtoto mwenye hesabu nzuri hivyo inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika kwa mtoto mwenye akili zake timamu, wala si uvivu. Kiswahili kinambeba: "a" ni "a" popote. Kiingereza herufi hiyohiyo ina sauti kibao, unamwongezea mlima. Muone afisa elimu maalumu wa jiji akuelekeze wanapopima.

Salome Area C: Mimi nilishaungua. 2019, binti yangu, shule ya kulipia, jina naliacha. Siku ya usaili walimpa karatasi ya kupaka rangi, kapita. Tukalipa ada, sare, sweta, gari. Machi naitwa ofisini. Mkuu kafungua daftari, kurasa nyekundu tupu: "Mama, huyu atatushushia wastani." Ada hairudi. Kumbe tangu Februari wanamkalisha dawati la nyuma na boksi la rangi, wenzake wakisoma yeye anapaka tembo. Tembo yuleyule! Alishampaka hadi karatasi imetoboka tumboni. Usiku akaanza kukojoa kitandani, kitu alichoacha ana miaka mitatu. Nikampeleka kitengo, shule ya serikali. Mwalimu wake kasomea Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu. Alianza kumchorea herufi mchangani, silabi wanazipigia makofi, ka-ka, ma-ma. Leo anasoma. Polepole, ila anasoma.

Mchuuzi wa Zabibu: Usizichafue zote kwa shule moja, dada.

Kijana wa UDOM: Vitengo vingi ni vya watoto wenye ulemavu wa akili au viziwi. Wa disleksia anafuata nini huko? Mtaani watampa jina. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unataka asaidiwe darasani na wenzake.

Mwalimu Mstaafu: Mkakati naujua, mwanangu. Njoo usimame na chaki yako mbele ya watoto 120, ndipo uniambie "asaidiwe".

Fundi Chang'ombe: Mnawadekeza. Sisi tulichwapa tukasoma.

Salome Area C: Mlichwapa? Fundi, nenda dawati la nyuma, tembo yupo.

Fundi Chang'ombe: Simu hiyo jamani!

Mama J, Nkuhungu: Asanteni, nimecheka na kulia. Masikio Jumatatu. Salome dada yangu, huyo mwalimu wa mchangani yupo bado? Anachukua wa twisheni?

Salome Area C: Walimhamishia Mpwapwa mwaka jana. Aliyepo sasa simjui.

Mama J, Nkuhungu: Yallah. Na baba yake kasoma uzi wote, anasema habari ya tembo imemuuma, ila nusu ya ada keshalipa.

Mchuuzi wa Zabibu: Kalipa wapi? Isije ikawa kwa mwanangu.