Mrejesho: Yule aliyekuwa anakatika sauti akisoma mapato ya kikoba

Wapendwa, habari za siku. Mimi ndiye niliyeomba ushauri mwezi wa tatu: nimechaguliwa mweka hazina wa kikoba chetu, hesabu naziweza, lakini nikisimama kusoma mapato sauti inakatika na kichwani nasikia "utaharibu tu". Wengi mlisema nijiambie maneno mazuri kila asubuhi.

Nasema ukweli, wiki mbili za mwanzo ziliniumiza. Najitazama kwenye kioo, nasema "mimi ni jasiri", na moyo unajibu papo hapo: muongo. Kumbe si mimi tu. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kauli za namna hiyo zinaweza kumfanya asiyejiamini ajisikie vibaya zaidi.

Aliyeniokoa ni dada mmoja kati yenu aliyesema: jiite kwa jina lako, useme jambo la kweli. Jumapili iliyopita nikajinong'oneza, "Mama Neema, hesabu umezirudia mara tatu. Soma mstari wa kwanza tu." Daftari lilitetemeka mkononi, nikaliweka mezani, nikaweka kidole kwenye mstari wa hisa, nikasoma. Halafu wa pili. Nilipofika kwenye mikopo mikono ilishatulia, na mama mmoja alipouliza kuhusu faini nilimjibu nikimtazama usoni.

Bado naogopa kabla ya kusimama. Ila "utaharibu" ikija, sasa nina la kuijibu. Dada uliyenishauri, Mungu akubariki sana.