Naombeni ushauri: mwanangu mwenye ualbino anatengwa kituo cha kulelea watoto

Mama_Wawili:
Habari za jioni wakuu. Mwanangu ana miaka minne, ana ualbino. Huu mwezi wa pili anashinda kituo kimoja hapa Dar, maana mimi na baba yake tunatoka alfajiri. Juzi niliwahi kumfuata nikawakuta wanakunywa uji. Wenzake wote mkekani, yeye kwenye kiti peke yake mlangoni. Kikombe chake kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako. Nikamuuliza dada anayewalea, akasema, "Tunakitenga tu mama, kuna wazazi wana wasiwasi."

Usiku mtoto akaniambia, "Mimi sishikwi mkono." Kumbe wakicheza duara yeye anapewa ngoma apige. Na mimi siku zote nikifurahia hiyo ngoma! Nimelia sana. Mume anataka tumhamishe. Mimi naona tukiondoka kimya kimya, mtoto mwingine kama yeye akija atakikuta kikombe hichohicho.

Baba_K:
Pole sana dada. Hamisha. Mtoto asiumie ili watu wazima wajifunze.

Mwl_wa_Awali:
Baba K nakuelewa, ila huko aendako nako kuna watu wenye woga uleule. Mama, hicho kikombe ni ubaguzi, hata kama dada amekujibu kwa upole. Ualbino hauambukizi, mtoto anarithi vinasaba kwa baba na mama. Na pale mlangoni jua linampiga. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, kwa hiyo akae mbele, karibu na mwalimu, mwanga usimpige machoni. Nje atoke na kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua, acheze na wenzake.

Niseme ukweli wangu. Niliwahi kuwa na mtoto mwenye kifafa, nikamkalisha mbali na wenzake "kwa usalama wake". Mama yake ndiye alinishtua. Sikuwa na chuki, nilikuwa naogopa, na mtoto aliumia vilevile.

Afisa_Ustawi:
Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto, na ulemavu umetajwa humo. "Wazazi wana wasiwasi" si sababu. Andika tarehe na maneno yenyewe uliyoambiwa. Mtoto usimhoji kila jioni, atachoka na ataanza kukujibu unachotaka kusikia. Dada usimfokee mbele ya watoto, nenda kwa mkuu wa kituo na barua, nakala wakusainie. Wakikuzungusha, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mama_Wawili:
Nimerudi wakuu. Mkuu wa kituo alikuwa hajui habari ya kikombe. Aliagiza kiletwe, akakigeuza, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba radhi. Nakala ya barua imesainiwa. Jumamosi kuna kikao cha wazazi na nimeomba nizungumze. Mwalimu, yale ya kifafa nitayasimulia bila kukutaja, ukiridhia.

Leo asubuhi dada alimpokea getini kwa kumshika mkono. Sijui kama ni kwa sababu nilikuwa naangalia. Ijumaa nitaenda mapema tena, bila taarifa, saa ya duara.

Mwl_wa_Awali:
Nimeridhia mama. Simulia yote.